Chuma cha Bunduki ya Swafwani

Katy, Texas
Novemba 2006

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Sisi wazima, na bizari uliyotuma imefika. Nusu nimeificha, wageni hawana huruma.

Mwanao amekushtakia kwamba namkataza kununua kile chuma cha kufunga mdomoni mwa bunduki ili kupunguza mlio. Anadai mlio ndio unaomkimbizia swala. Jumamosi nikamfuata ranchi nikajionee. Swala akatokea, akatulia, akala majani. Swafwani akalenga, kisha ili nyama iwe halali akatoa bismillahi utadhani anaadhini. Swala akapotea kabla risasi haijatoka.

Nikamwambia hata ya kunong'ona Mungu anaisikia. Akanijibu, "Si nimenong'ona?"

Hapo nikakumbuka ulivyolalamika kwamba siku hizi anakufokea kwenye simu. Hakufokei, Mama. Sikio moja limekufa kwa milio ya bunduki, na la pili linafuata.

Leo asubuhi nimemwambia akinunue hicho chuma. Amenuna, anadhani namkataza tena. Tafadhali mwandikie wewe. Macho yake bado mazima.

Mkweo,
Mahfudha