Kujisifu Mbele ya Watu Watatu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti lisikusumbue ukichuchumaa kwenye matairi. Mimi huku Dar es Salaam sijambo. Joto limenikondesha kidogo, ila usimwambie Mama. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu wewe husema "haya, vizuri," ukampa Mama. Haya nataka uyasome mwenyewe.

Unakumbuka niliitwa kwenye usaili wa kazi ya kutengeneza programu za kompyuta, kazi niliyoitamani tangu chuoni. Mwenye nyumba wangu, Bi Mwanaidi, akajitolea kunifanyia mazoezi. Jioni anakaa kibarazani na miwani yake, mimi nasimama mbele yake.

"Haya, jieleze. Umefanya nini cha maana?"

Nikamweleza ile programu inayowakumbusha akina mama wa huko kwetu Bukene siku ya kliniki kwa ujumbe wa simu. "Lakini ni ndogo tu," nikasema, "haina mambo mengi."

"Ndogo tu! Basi na kazi wampe mwingine."

Kila jioni ikawa hivyo hivyo. Nitafanyaje, nimelelewa na wewe! Mtu akikusifu kwa baiskeli uliyomtengenezea, unainamisha kichwa: "Baiskeli ilikuwa nzima tu, imechoka kidogo."

Mwisho Bi Mwanaidi akakumbuka kwamba yeye ni Mzaramo, mtani wetu. "Wanyamwezi nyie mnajua nini zaidi ya kubeba mizigo? Babu zenu walitoka Tabora mpaka pwani na pembe za ndovu mabegani, leo mjukuu anajidai na kompyuta! Hiyo programu kakuandikia mwanamume gani?"

Damu ikanichemka. "Nyie mlikaa tu mkisubiri tuwaletee! Programu nimeitengeneza mimi! Mtandao ukikatika, inatunza ujumbe mpaka urudi. Nani mwingine alifikiria hilo?"

Akavua miwani. "Hayo ndiyo ukawaambie."

Siku ya usaili nikakuta watu watatu, wapole mno, wamenitengea maji ya chupa. Upole wao ulinitisha kuliko matusi ya kibarazani. Mama mmoja akaniambia, "Karibu, jieleze." Nikasikia "ni ndogo tu" inakuja mdomoni. Nikamfikiria Bi Mwanaidi, nikajibu utani ambao pale hakuna aliyenitania:

"Programu nimeitengeneza mimi, na hakuna mwanamume aliyeniandikia!"

Wakatazamana. Yule mama akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema, "Hebu tuoneshe." Nikawaonesha yote, na sikushusha sauti.

Jana wamenipigia. Nimepata kazi, Baba! Bi Mwanaidi amepiga vigelegele, halafu akasema bila shaka walikuwa wamepungukiwa na mpagazi. Najivunia mno, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Nisalimie Mama, shangazi Nyamizi na mchele wake pale stesheni, na kaka Shija, mwambie bodaboda haina mabawa.

Na wewe nina ombi. Mteja akisifu baiskeli yake, usiseme ilikuwa nzima tu. Mtazame usoni umwambie, "Hii kazi yangu." Na akikuuliza habari za huyu binti aliyepata kazi Dar es Salaam, mjibu vile vile.

Fundi mwenzako, binti yako,
Kabula