Glavu Zangu Anazo Bwana Harusi

Senga Rosalba,

Pokea salamu zangu, wewe shangazi wa gazetini unayetushauri sote, na unisamehe nikikuandikia bila kupumua, maana nimefungiwa chumbani hapa Nsambya na nisipoitoa hasira hii leo nitapasuka.

Mimi ni msichana wa Kinubi, kazi yangu ni kupakia maboksi ya sabuni kwenye ghala moja la Nakawa, na mwezi huu naolewa na Nasur, dereva wa lori, ambaye nilimpenda mwenyewe wala sikulazimishwa na mtu, hilo nalisema mapema ili usiniambie niachane naye kabla hujasikia yote. Shida ilianza kabla harusi haijapangiwa siku, wakati Kavugho, dada wa Kikongo ninayefanya naye kazi, alipoleta habari za mbio za matope zitakazofanyika Jumapili ijayo kwenye shamba moja upande wa Mukono, zile mbio ambazo watu wanatambaa kwenye matope chini ya seng'enge, wananing'inia kwenye vyuma juu ya dimbwi, wanapandisha kilima na gunia la mchanga begani, na mwisho kabisa kuna ukuta wa mbao mrefu kuliko lori la Nasur, na mnakimbia wanne wanne, na wote wanne lazima wavuke mstari pamoja, akikosekana mmoja timu nzima haihesabiwi.

Senga, mimi tangu utotoni nimechekwa kwa sababu ya mabega yangu, nimeitwa mpagazi, nimeitwa kaka, mafundi wa nguo wamenipima huku wanatikisa kichwa, na siku tulipojaribu kupanda ukuta wa nyuma ya ghala ndipo ilipoonekana kwamba mimi peke yangu naweza kusimama chini wenzangu wakapanda juu yangu mmoja mmoja, kisha wakainama huko juu wakanivuta, na Kavugho, ambaye ni mfupi na ndiye kapteni wetu, akasema, "Weye njo ngazi yetu, Husnah. Bila weye tunabaki hapa chini tunaangaliana tu." Nilienda chooni nikalia kwa furaha, kwa sababu sikuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote.

Basi tukaanza kujiandaa, na mwanzoni tulijiandaa kijinga, nakiri, siku ya kwanza nilivaa gambuti zikajaa maji nikawa natembea kama bata, na Kavugho alivaa suruali nzito ya jinzi ambayo ikilowa haiinuki, lakini tulijifunza, kila tukitoka kazini tulikuwa tunatambaa kwenye mtaro wa nyuma ya ghala chini ya kamba tulizozifunga wenyewe, tukabeba maboksi, tukaning'inia kwenye bomba mpaka viganja vikachubuka, ndipo nikanunua glavu nzuri zenye mpira viganjani, glavu zangu za kwanza maishani ambazo si za kazi.

Sasa kwetu Wanubi bibi harusi hapelekwi kwa mumewe hivi hivi tu, anakalishwa juu ya moshi wa kuni za kunukia, amefunikwa blanketi mpaka jasho limtiririke, huo tunauita dukhan, halafu anasuguliwa mwili mzima na dilka, unga wa manukato uliokandwa, mpaka ngozi ing'ae, na anayenifanyia yote hayo ni shangazi yangu Safinah, ambaye amenilea tangu mama alipofariki, kwa hiyo usidhani ni mtu wa kumpuuza. Mimi nilikubali yote. Jioni nikawa napita mtaroni kwanza, naoga haraka haraka kwenye bomba la ghala, ndipo narudi nyumbani kwenye moshi, na nilifikiri nimemaliza ujanja wote wa dunia, mpaka jioni moja shangazi alinisugua mgongo na dilka ikatoka ya kijivu.

Senga, hapa ndipo naona aibu. Shangazi hakunishuku mimi. Alimshuku mama wa Kasubi anayemuuzia dilka, akampigia simu mbele yangu akamwambia amechanganya majivu, akamwita mwizi, na nikasikia yule mama anaapa kwa Mungu, na mimi nimekaa pale uchi chini ya blanketi, sikufungua mdomo. Kesho yake shangazi alileta dilka nyingine ya kwa mtu mwingine, ikatoka ya kijivu vilevile, akanigeuza kichwa kwenye taa, akaona matope yamekauka nyuma ya sikio. Sitakuandikia yote aliyosema. Alisema hivi mwishowe: "Wewe mtoto, mimi nasugua, wewe unapaka! Unataka tupelekee watu bibi harusi ama tupelekee watu kiazi?" Akaenda mwenyewe Nakawa kuniombea likizo, na tangu hapo sitoki.

Hilo ningelivumilia. Lakini sikia hili. Nasur naye anakimbia mbio hizo hizo, Jumapili hiyo hiyo, na ni mimi niliyemwingiza, mimi niliyemsajili kwenye timu ya madereva wenzake, mimi niliyemfundisha kuning'inia, mtu ambaye alikuwa hawezi kukimbia kutoka lango la kambi ya polisi hapa jirani mpaka barabarani bila kushika kiuno! Juzi alikuja hapa kuleta sukari ya wageni, ametoka mazoezini, matope mpaka kwenye nyusi, na shangazi yangu, huyo huyo Safinah, alicheka mpaka akashika mlango, akamwekea maji ya moto, akamkaribisha chakula, akasema, "Mwanaume ni mwanaume bwana, tunamwaga maji, imeisha. Hii ya msichana ndiyo inabaki kwa ngozi." Mimi niko nyuma ya pazia nasikia. Nikamwita Nasur kwa sauti, nikamwambia, sema neno kwa shangazi, mwambie unajua jinsi nilivyojiandaa, mwambie wenzangu wananisubiri. Unajua alijibu nini? "Banange, jamani Husnah, wewe tulia ndani upumzike. Mimi nitakimbia kwa niaba yetu wawili." Kwa niaba yetu wawili! Halafu akaongeza, "Na zile glavu zako, si hauzitumii? Za kwangu zimeraruka." Na shangazi akaingia, akafungua mkoba wangu, akazitoa, akampa.

Senga, naomba unishauri. Nitoroke Jumapili asubuhi, niwaache waseme watakavyosema? Nikae ndani, Kavugho na wenzake waufikie ukuta waanze kuangaliana? Au niahirishe hii harusi mpaka watu wote wa nyumba hii wapate akili? Na jina langu liandike, nimechoka kufichwa.

Husnah, Nsambya

*

Husnah binti yangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama na chai yangu imepoa. Mara ya kwanza nilitaka kumtafuta huyo Nasur nimvute sikio. Nikaisoma mara ya pili, na sikio la pili nililotaka kulivuta ni lako, hilo hilo lenye matope.

Tuanze na lako. Mama wa Kasubi alikukosea nini? Mtu anauza bidhaa safi, anaitwa mwizi kwenye simu, anaapa kwa Mungu, na wewe mwenye jibu umekaa kimya chini ya blanketi! Unanilalamikia kwamba hakuna aliyefungua mdomo kukutetea. Na wewe ulipotakiwa kumtetea mwenzako, mdomo wako ulikuwa wapi? Mkuki kwa nguruwe, mwanangu, kwa binadamu mchungu. Tena mwanamke yule anaishi kwa jina lake. Shangazi yako akisema kwenye harusi moja tu kwamba dilka ya Kasubi ina majivu, nani atainunua? Hilo utalirekebisha kabla ya jambo lingine lolote, na utalirekebisha leo.

Sasa shangazi. Mimi si Mnubi, sijawahi kukaa juu ya moshi, na kwetu pia tuna mambo ya harusi ambayo mgeni akiyaona atacheka, kwa hiyo hutanisikia nikisema mila yenu ni upuuzi. Mwanamke anayemsugua mtoto ambaye hakumzaa, kwa mikono yake mwenyewe, jioni baada ya jioni, huyo anampenda. Ulimfanya asugue bure. Wewe ulikuwa unamrudishia kazi kila siku kama mtu anayefagia uwanja huku mwingine anamwaga takataka, na bado unashangaa kwa nini alipaza sauti. Ungemwambia mapema kwamba una mbio Jumapili fulani, huenda angekasirika siku moja yakaisha. Ujanja wako ndio uliokufungia mlango.

Lakini! Nisikilizeni wote wa nyumba hiyo, maana najua gazeti hili litapita mikononi mwenu. Matope ni matope. Yakimwagikia bwana harusi yanaitwa kichekesho, yakimwagikia bibi harusi yanaitwa msiba, kwa nini? Mnasema kwake yanabaki kwenye ngozi. Yeye Nasur amevaa nini, bati? Mama Safinah, wewe ni mtu mzima na nakuheshimu, ila mkoba wa binti haukuwa wako kuufungua. Moshi na dilka alivikubali mwenyewe. Kumpokonya kitu chake ukampa mwingine kwa sababu huyo mwingine ni mwanaume, hilo halimo kwenye mila ya kabila lolote ninalolijua, hayo ni mazoea mabaya tu tuliyoyazoea sisi akina mama wenyewe, na mimi nayasema kwa uchungu.

Husnah, usitoroke. Ukipita dirishani Jumapili, utakuwa umekimbilia matope ya Mukono ukaacha matope mengine sebuleni, na hayo hayaoshwi kwa ndoo. Wala usiahirishe harusi kwa hasira, mtu haamui ndoa akiwa amefungiwa chumbani. Fanya hivi. Ukimaliza kusoma hapa, toka ukapige magoti mbele ya shangazi yako, umwambie yote uliyoniambia mimi, pamoja na kulia chooni kwa sababu ya mabega yako. Nina hakika hilo hajawahi kulisikia. Kisha mpigieni mama wa Kasubi, ninyi wawili, simu iwe juu ya meza, wewe uanze kuomba msamaha na shangazi afuate. Baada ya hapo mwombe shangazi Jumapili moja. Mwambie jioni ya Jumapili utaingia ndani kwa miguu yako mwenyewe, na siku zote zitakazobaki mpaka harusi ni zake, akusugue mpaka aridhike. Na umwalike. Aje Mukono na ndoo yake na maji yake, akae pale mwisho wa mbio, awe mtu wa kwanza kukuosha. Watu wengi wanaokataa jambo wanakataa kwa sababu hawakupewa kazi ndani yake.

Akikubali, jiandae kama mtu mzima. Gambuti ziache nyumbani. Vaa viatu ulivyokwisha kuvifanyia mazoezi, vilivyobana, kamba uzifunge mara mbili, maana matope yana tabia ya kubaki na kiatu kimoja. Nguo iwe nyepesi ya kubana mwili, mikono mirefu, hijabu ya kubana isiyo na pini, kwa sababu chini ya seng'enge pini ni adui. Kucha zikate. Michubuko yote ifunikwe, na ukitoka uoge maji mengi masafi siku hiyo hiyo, macho na masikio yasisahaulike, hasa masikio. Kwenye ukuta usifanye haraka, tanua miguu, egemea, waache wapande. Kapteni wako amesema wewe ni ngazi, na ngazi haikimbii.

Akikataa kabisa, utaudhika, lakini utamtii, kwa sababu mambo ya harusi ulimkubalia kwa mdomo wako na amekulea. Hapo hapo utampigia Kavugho ajue leo, atafute mabega mengine wakati siku bado zipo. Usimwache aje kujua Jumapili chini ya ukuta.

Imebaki hesabu ya Nasur. Mpenzi wako si mbaya, ila amelelewa kuamini kwamba mlango ukifungwa, aliyebaki nje ndiye mwenye bahati na hana deni lolote. Hasira zako zote umeniletea mimi ambaye sikukukosea, yeye hajazionja hata tone. Mwite. Mkalishe mbele ya shangazi, pazia liwe limefunguliwa, umwambie arudishe glavu zako, na usicheke wakati unasema. Kama shangazi ameruhusu, arudishe kwa sababu zina mwenyewe wa kuzivaa. Kama shangazi amekataa, arudishe vilevile, na yeye pia Jumapili hiyo abaki nyumbani, ili kama matope yanaharibu harusi yasiiharibu kwa upande wowote.

Akizitoa mfukoni bila kubishana, olewa, mwanangu, na mimi nitumie picha. Akikuambia tena kwamba ametaka tu kukimbia kwa niaba yenu wawili, mwambie vizuri. Kuni zipo, blanketi lipo, shangazi hana kazi jioni hiyo: avue shati, aingie chumbani, akae juu ya moshi kwa niaba yenu wawili.

Senga Rosalba