Mkwe Nje ya Mlango

Bungoma, 5 Juni 2006

Shemeji Wabwile,

Habari za Tuwan, huko Kitale? Hapa tunapumua, ila tangu Mama akatwe mguu hatoki ila kwa kusukumwa kwenye kiti. Dada yangu anaendeleaje? Juzi nilimpa Mama simu waongee, akaishia kulia, maana upande wa Nekesa ilikuwa pumzi tu. Ugonjwa huo wa koo umetuonea. Mama anataka kumwona mtoto wake kabla... hilo neno siandiki.

Wewe una duka la intaneti, mimi pia ninalo. Tuwakutanishe kwa kamera. Nimejaribu jana, mashine yako haionekani kabisa.

Shemeji yako, Mukhisa

Kitale, 8 Juni 2006

Shemeji Mukhisa,

Salamu zimefika. Nekesa anakunywa uji kwa mrija, anatabasamu akisikia jina la Mama.

Anwani niliyokupa ni ya humu ndani, inajulikana na ruta yangu tu, kile kisanduku kinachogawa intaneti dukani. Aliye nje anaona ruta basi. Sasa nimefungua njia kwenye ruta, simu ya picha ikija iende moja kwa moja kwa kompyuta ya Nekesa. Nawe fanya vivyo hivyo. Anwani ya ruta iko hapo chini. Ruta ikizimika anwani hubadilika, nami nitakutumia mpya.

Shemeji, Wabwile

Bungoma, 12 Juni 2006

Shemeji,

Mmeamkaje? Jana picha ilikuja safi, bana! Lakini uso wa kwanza ulikuwa wako, ukirekebisha kamera. Mama alijifunika leso, akataka nimtoe nje, na hakurudi. Tumehangaika na ruta wiki nzima tukasahau kuwa mkwe na mama mkwe hawatazamani. Ati hata kwenye kompyuta ni aibu ile ile.

Jumapili jirani yenu Pauline akae na Nekesa. Wewe simama nje, usiingie hadi akuite.

Shemeji yako, Mukhisa

Bungoma, 19 Juni 2006

Shemeji,

Nekesa ameamkaje? Jana tulimwona akigeuza kichwa kutafuta kamera, picha ikakatika. Nilikupigia mara nyingi, hukushika. Mama alikuwa akipiga kelele, "Mwiteni mkwe aingie! Aibu tutaiona baadaye!" Nani angemsikia?

Tuma anwani mpya upesi. Mama yuko hapa kando yangu, hataki kuvua rinda la kanisa.

Mukhisa

Kitale, 20 Juni 2006

Shemeji,

Nimeshindwa kukupigia. Nekesa ametutoka jana alfajiri. Tutamzika kwetu Endebess Jumamosi.

Jumapili stima ilipotea kidogo tu. Kompyuta ina betri, ruta haina, kwa hivyo anwani ikabadilika. Picha yenu ilikuwa haijafunguka kwetu; Pauline aliona giza kwenye kioo cha kompyuta akadhani Mama hajafika. Simu yangu ilikuwa mezani, naye hawezi kushika simu ya mume wa mtu. Nekesa alitazama lile giza hadi akasinzia kitini.

Simu nilikuwa naisikia ikilia. Nilishika mlango, nikauachilia. Kazi yenyewe, kukutumia anwani mpya, ilikuwa ya dakika mbili.

Mwambie Mama nilikuwa ninamheshimu.

Mkwe wake, Wabwile