Dhahabu ya Renatha

Msamala, Songea
16 Novemba 2025

Mdogo wangu mpendwa Renatha,

Pokea salamu zangu, na nyuma yake pokea za mama. Za kwake ni nyingi mno, kwa hiyo za kwangu nimezitanguliza zisije zikafunikwa. Unaendeleaje na baridi ya Ujerumani? Kile kikohozi kimekuacha? Chakula chao umekizoea, au bado unaota ugali na dagaa wa Nyasa? Sisi huku tu wazima. Mvua za kwanza zimeshagusa, na kule kijijini Maposeni wameanza kupanda.

Najua umeshangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Simu yangu si yangu tena, mdogo wangu. Mama anashinda nayo mapajani akisubiri sauti yako, na kila ujumbe wako anaufungua kwa sauti ya juu mpaka jirani yetu Kunegunda anajua jana ulikula nini. Ninayotaka kukwambia leo hayatakiwi kumfikia mama hata kidogo. Ndiyo maana nimempa Sista Emerensiana, anayekuja huko kwenye mkutano wa shirika lao, akukabidhi mkononi. Nakuomba usome ukiwa peke yako, na usome mpaka mwisho hata pale utakaponikasirikia.

Nianzie Pasaka. Ulipiga simu, mama akakuuliza kazi gani hasa unafanya huko kwenye maabara, nawe ukaeleza vizuri mpaka mimi niliyekuwa nasonga ugali nikaelewa. Ulisema chembe ya dhahabu ina mikono miwili. Mmoja unashikwa na fosfini, wa pili unashikwa na kitu kingine, na ukibadilisha washikaji unapata dawa nyingine. Ukasema ipo dawa ya zamani ya baridi yabisi iliyotengenezwa hivyo, fosfini upande huu, sukari yenye salfa upande ule. Ukaongeza kwamba ninyi hamshughuliki na viungo, mnatengeneza nyingine na kuzijaribu kwenye vijidudu vya tumboni na seli za saratani ndani ya vyombo vya kioo. Wenzako wa chumba cha pili wanazitumia kama kichocheo, kinachofanya kemikali nyingine ziungane upesi halafu chenyewe kinabaki vilevile, hakihesabiwi kwenye kilichopatikana. Hapo nilicheka kidogo mbele ya sufuria. Kazi ya kichocheo naifahamu, naifanya nyumbani humu kila siku.

Mama hakuyasikia hayo ya mwisho. Alisikia dhahabu, akasikia baridi yabisi, akasikia sauti ya mwanaye. Simu ilipokatika alivitazama vidole vyake vilivyopinda, akasema sasa anajua kwa nini Mungu alimpa Renatha.

Nilikuuliza jioni ile fosfini ni kitu gani, ukasema mbona mimi ndiye naijua kuliko wewe. Kweli naijua. Ndiyo gesi inayotoka kwenye vidonge tunavyoweka chini ya turubai kule ghalani kazini kwangu kuua fukusi na dumuzi kwenye mahindi. Ukanieleza kwamba yangu ni fosforasi iliyobeba hidrojeni tatu, na yenu mmeondoa hidrojeni mkapachika vipande vya kaboni, ndipo inapoishika dhahabu vizuri. Nilikushukuru kwa somo. Moyoni nilisema, tazama, hata kwenye kemia tumegawana ukoo mmoja, mwenzangu kachukua ndugu aliyevaa dhahabu, mimi nimeachiwa muuaji.

Na wala hukunifundisha jambo geni uliposema kwamba fosfini haiwezi kuiacha dhahabu peke yake. Sisi kabla ya kufungua kopo la vidonge tunavua pete, hereni na saa, kwa sababu gesi ile inaviharibu na kuvifanya viwe vyeusi. Ndiyo sababu hereni za dhahabu za bibi alipewa mdogo badala ya mkubwa. Unakumbuka mama alivyosema siku ya mahafali yako, mbele ya wageni, kwamba dhahabu na kazi ya Aurelia havipatani. Wageni walicheka, na mimi nilicheka pamoja nao. Halafu nilikwenda uani nikaviosha upya vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Mwezi wa tano mikono ilizidi kuvimba, nikampeleka mama hospitali. Daktari Amedeus alimpima damu akamwandikia vidonge vidogo vya manjano vinavyoitwa methotreksati. Alisisitiza kwamba vinamezwa siku moja tu ya wiki, kamwe si kila siku, na damu ipimwe mara kwa mara maana ni dawa kali. Nilimuuliza kuhusu dhahabu. Alisema ni kweli ilitumika sana zamani, iliwasaidia baadhi ya watu, ila ilikuwa ya polepole na iliwasumbua matumbo, na siku hizi hivi vya manjano vimechukua nafasi yake. Mama alisikiliza yote kwa heshima. Tulipofika nyumbani alimeza mara moja tu, akasikia kichefuchefu, akakataa kuendelea.

Sababu aliyotoa nitakuandikia kama alivyoitoa. Alisema mikono yangu inashika sumu kutwa nzima, na yeye hawezi kupokea kidonge kutoka humo. Atasubiri dhahabu ya Renatha. Niliosha mikono kwa sabuni na malimau mbele yake, nikamwonyesha hata glavu ninazovaa kazini. Aligeuzia uso ukutani.

Unaijua Songea mwezi wa sita na wa saba. Baridi ile ilimpata vibaya. Alishindwa kushika kikombe, akashindwa kufunga vifungo, rozari ikawa inamdondoka. Nilimvalisha, nikamlisha, nikamkuna mgongo, na kila nilipomlisha alikuwa anatazama simu kama kuna mtu atatokea humo. Nilikuandikia ujumbe umwambie ukweli kwamba huna dawa ya viungo. Ukajibu utaongea naye. Nikakuandikia tena, ukasema nisimkatishe tamaa, ukirudi kwenye mapumziko utamweleza kwa utulivu. Kisha ukapiga, mkaongea nusu saa juu ya theluji.

Renatha, nakuonea wivu. Nimeandika neno lenyewe ili usije ukadhani ninazunguka. Nakuonea wivu kwa zile hereni, kwa sauti yako kwenye simu, na kwa namna mama anavyotamka jina lako taratibu kama mtu anayemung'unya peremende. Jina langu hulitamka akitaka maji. Hata Kunegunda akija kumjulia hali mgonjwa, huwa anauliza kwanza hali yako. Kuna siku nilitamani mvunje kitu huko maabara, kitu kikubwa, wakurudishe nyumbani uje ushike beseni. Nimeungama hilo kwa padre. Halijaondoka bado.

Sasa nikupe habari njema, ingawa nyingine umeshazisikia. Mwezi wa kumi vidole vya mama vilianza kunyooka. Havikunyooka vyote, na cha mwisho cha kushoto sidhani kama kitarudi, lakini uvimbe ulipungua na maumivu ya asubuhi yakapungua. Siku aliyojimiminia chai mwenyewe aliita majirani waje waone. Anafunga kitenge chake mwenyewe, rozari anaimaliza. Na amerudi kwenye kufuma, kazi aliyofundishwa na masista tangu usichana. Anafuma sweta la sufu nene, la bluu, shingo ya juu. Nilipoona sindano zinatembea nililia, sikujificha. Nilikaa chini nikamshikia uzi akausokota. Kisha nikamuuliza ni la nani, maana sweta langu mimi limetoboka viwiko vyote viwili na yeye analiona kila asubuhi. Akasema ni la Renatha, huko kuna theluji.

Kwenye jumuiya siku hizi tukimaliza sala mama ananyanyua mikono aifungue na kuifumba watu waone. Anasema ni dhahabu ya mwanangu. Wanapiga vigelegele. Na wewe mwenyewe alikushukuru kwenye simu, si unakumbuka? Alisema ulichomtumia kimemponya, Mungu akulipe. Ukamjibu asijali, kikiisha utamtumia kingine. Ulidhani anazungumzia peremende za kwenye kile kifurushi cha mwezi wa nane.

Hakuwa anazungumzia peremende, mdogo wangu.

Kifurushi kilipofika mama aligawa peremende zote kwa wageni, likabaki kopo la bati lenye picha ya mlima na utepe wa rangi ya dhahabu. Nililiosha, nikalikausha juani. Nikaenda kwa Daktari Amedeus nikachukua upya vile vidonge vya manjano, nikavimimina mle ndani, nikamwambia mama kwamba vilikuwa chini kabisa ya kifurushi, umevitengeneza kwa ajili yake. Alifungua kopo akasema hii ndiyo yenyewe, dhahabu haijifichi, rangi yake si unaiona. Mimi nilikuwa nimeshaona picha uliyonitumia ya dhahabu yenu halisi, unga mweupe kama chumvi ya mezani. Ungemtumia ile ya kweli asingekuamini. Alipokea kidonge kutoka kwenye kiganja changu, kiganja hikihiki, akameza bila kukunja uso. Kichefuchefu hakikuja tena. Alilibusu kopo akaliweka shavuni. Nilifungua mdomo nimwambie kwamba ni mimi. Nikaona mkono wake ulivyo, nikafunga.

Tangu hapo nampa kila Jumamosi, na siku nyingine namsaidia kumeza vidonge vya kuongeza damu alivyoandikiwa pamoja navyo. Vipimo vyote anapimwa. Nilimwambia damu inatakiwa huko kwenu ili mwone dhahabu inavyofanya kazi, basi kwenye maabara ya hospitali ananyoosha mkono kabla hajaitwa. Daktari nilimweleza kila kitu. Hakucheka. Alisema yeye hatamdanganya mgonjwa wake, na mama akimuuliza atamjibu kweli. Mama hajawahi kumuuliza, ana haraka ya kumweleza yeye habari zako.

Ningeweza kuliacha jambo hili liende hivyo, ila wiki mbili zilizopita nilimkuta Kunegunda amekifunga kimoja cha vidonge hivyo kwenye pindo la khanga. Mama alikuwa amemgawia kwa ajili ya magoti. Nilimpokonya kabla hajameza, nikamwambia dawa ile imepimwa kwa damu ya mama tu na mwingine inaweza kumdhuru. Sasa Kunegunda hanisalimii, anasema nina choyo na dhahabu isiyo yangu. Kopo nimelifungia kwenye sanduku langu. Mama naye amesema ninakuonea wivu mpaka wa kopo. Na hapo amesema kweli.

Ndiyo maana naandika kabla hujapanda ndege. Siku ya Krismasi mama anataka mtoke pamoja mbele ya altare wakati wa matoleo, aonyeshe mikono, akutaje. Wewe tangu utoto huwezi kupokea sifa isiyo yako, hata daftari la mtu ulikuwa unalirudisha mbio. Hilo nalo linaniudhi. Utasimama pale na ukweli wako, utasema hujawahi kutuma dawa yoyote, na Jumamosi itakayofuata mama atageuzia uso ukutani. Safari hii hatakuwa na dhahabu ya kusubiri. Vidole vitarudi kulekule.

Kwa hiyo nakuomba, na kuomba kwenyewe kunanichoma: pokea shukrani hizo. Ukiulizwa, sema dawa ile ni ya mama peke yake, mwingine asiiguse. Akikukumbatia, tulia. Siku moja labda tutamwambia pamoja, mimi na wewe na Daktari Amedeus, tukiona amezoea kiasi cha kutoiacha. Mwaka huu bado. Mwaka huu naitaka mikono yake kuliko ninavyotaka anishukuru, na ninataka sana anishukuru.

Nifikishie salamu kwa wenzako wa maabara, hata wa kile chumba cha kichocheo. Kunegunda anakusalimu, mimi hajanisalimu. Mama anakuombea rozari nzima kila jioni, sasa anaimaliza. Ukija usibebe zawadi nyingi, uniletee tu uzi wa sufu, rangi yoyote.

Sweta lako utalikuta tayari. Mwili wetu ni mmoja, kwa hiyo mama alikuwa akiniita nisimame, analipima mgongoni kwangu, anavuta mabega, ananigeuza, ananiambia Renatha simama wima. Likikupwaya kwapani usimlaumu. Mikono yangu imenenepa kwa kubeba magunia.

Ni mimi dada yako,
Aurelia