Mstari wa Mama Muli

Jumatatu, Agosti 2, 1999

Dawa. Uji nusu kikombe. Binti yangu Mueni amenigeuza upande wa dirisha.

Kilonzo amepita akielekea ofisini. Nilimfundisha hesabu, sasa yeye ndiye vidole vyangu. Ninaandika amri kwenye karatasi, anaipeleka kwenye kompyuta ya misaada ya kanisa hapa Kitui. Wiki iliyopita tuliunganisha faili mbili. Moja ina familia zilizoandikwa na makarani wa vijiji, nyingine ina wale waliopimwa kliniki. Kila familia ina mstari wake, jina mbele. Unazipanga kialfabeti, kisha unaandika join. Jina likifanana huku na huku, mistari miwili inakuwa mmoja. Huo ndio utakaopata mwolyo, chakula cha msaada.

Orodha imetoka safi. Ofisi imenisifu. Nimefurahi kama mtoto. Sina mengi ya kunifurahisha siku hizi.

Jumatano, Agosti 4

Kilonzo ameniletea nakala. Nimetafuta Kathonzweni, kwa dada yangu Nduku. Hayupo.

Nimesoma tena kwa kidole. Hayupo.

Analea wajukuu peke yake. Mahindi yamemkaukia misimu miwili. Kliniki waliwapima watoto wakatikisa kichwa. Kama yeye hastahili, anastahili nani?

Alhamisi, Agosti 5

Nimeelewa. Afadhali nisingeelewa.

Karani wa kijiji chake ni Mutisya, aliyemwoa binti yake. Mutisya hawezi kutaja jina la mama mkwe. Ni nthoni, heshima yetu ya ukweni. Hata kuliandika hathubutu. Basi aliandika Mama Muli, kama kila mtu anavyomwita. Kliniki waliandika Nduku. Majina hayafanani, mistari haikukutana. Na join haipigi kelele. Mstari usio na mwenzake inauruka kimya.

Simlaumu Mutisya. Mama yake marehemu mke wangu sikumtaja jina hadi tulipomzika.

Najilaumu mimi. Namba ya kipande, ya kitambulisho, ilikuwemo katika faili zote mbili. Ningeunganisha kwa namba. Nilichagua jina kwa sababu linasomeka vizuri. Na kuna kubwa zaidi. Kilonzo aliniuliza kuhusu mistari iliyobaki nje. Nilijua amri ya kuionyesha. Nikamwambia ni makapi, asichafue ripoti.

Makapi. Nilisema hivyo, nikiwa na akili timamu.

Ijumaa, Agosti 6

Nimemwita Kilonzo. Nimempa karatasi: join -t, -v1 vijiji kliniki. Toa orodha ya walioachwa, nikamwambia, kisha unganisha upya kwa kipande.

"Mwalimu, nitaiendesha. Lakini orodha imeshapigwa mhuri, na lori limepakiwa."

"Mhuri si msumari."

"Kwa mkubwa wa ofisi ni msumari. Naye yuko Nairobi."

Nilitaka kuinuka niende mwenyewe. Nilifika ukingoni mwa kitanda. Mueni alinirudisha kwa mkono mmoja. Mkono mmoja tu.

Jumapili, Agosti 8

Homa. Kanisani waliniombea. Kilonzo alileta karatasi za walioachwa baada ya ibada. Kurasa na kurasa. Mama Mbithe. Mama Kasyoka. Mama wa mapacha. Makarani wengi wana wakwe.

Mkubwa amesema kwa simu kwamba watafikiriwa awamu ijayo. Ijayo ni lini, hakusema.

Mueni ananiambia, "Baba, wewe umelala hapa. Nani atakulaumu?"

Hilo ndilo linaloniuma. Hakuna.

Jumanne, Agosti 10

Lori lilikuwa Kathonzweni jana. Majina yalisomwa kwa kipaza sauti. Dereva amemwambia Kilonzo kwamba wanawake fulani walisubiri hadi magunia yakaisha, kisha wakakunja viroba vyao.

Sijala leo.

Ijumaa, Agosti 13

Nduku amekuja. Alisikia sitamaliza mwezi. Alibadilisha magari, akafika na vumbi hadi kwenye nyusi.

Nimemwambia yote. Kwamba jina lake liliangushwa na mashine, na mashine niliiamuru mimi. Kwamba walioanguka niliwaita makapi. Nililia. Sauti yangu haivuki shuka, akainama ili asikie.

"Sasa mashine ingenijuaje?" akasema. "Mutisya mwenyewe hanitaji, na amekula kwangu tangu aoe."

Akacheka kidogo. Sikuweza kucheka. Akasema polepole, "Lakini mwana wa mama, wewe ulikuwa unalijua jina langu."

Alifungua kibuyu. Uji wa wimbi, wa kwake, alioupika kabla ya safari. Mueni alisema uji tunao. Nduku akajifanya hakusikia.

"Fungua mdomo. Zamani ulikula kama fisi, sasa unadonoa kama kifaranga."

Nilifungua. Alinilisha kijiko kwa kijiko, akinifuta kidevu kwa pembe ya leso. Kibuyu kilikuwa kidogo. Kilipokwisha alikikung'uta kiganjani, akalamba.

Nilikula wote. Sikumuuliza watoto wamekula nini.