Wana wa Mfalme Yupi

Dada yangu Kesar,

Kwa niaba ya ukoo mzima, nakutangazia kwamba masharubu yangu sasa yanagusa masikio. Huku Marwar tu wazima, na uwele umeota.

Jana walikuja wazee kumposa binti yangu Hansa kwa ajili ya yule kijana anayempenda. Baba wa kijana, Mzee Umaid, akanichokoza: "Jina la kabila letu, Rajput, maana yake mwana wa mfalme. Ninyi ni wa mfalme yupi, bwana?"

Nikasokota masharubu, nikamtaja mfalme mkubwa kuliko wote.

"Loo! Na sisi ni wa huyohuyo," akasema kwa huzuni. "Basi watoto hawa ni ndugu. Hakuna ndoa hapo."

Hansa akaangua kilio. Mama akafoka nyuma ya pazia: "Mwongo mwanangu huyo! Babu yake alikuwa mpanda farasi aliyekodiwa tu na mfalme. Zamani wapanda farasi wote wa mfalme waliitwa wanawe!"

Nikainua kichwa. "Kweli," nikasema, "na farasi wake hakuwahi kugeuka vitani."

Basi watoto si ndugu, na posa imekubaliwa. Njoo baada ya mavuno.

Nduguyo Mokam, mjukuu wa mpanda farasi

Tanbihi: Bwana harusi atakuja na farasi wa kukodi.