Wewe Hukuwa na Haja ya Kudhania

Dada Mwajuma,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Na baridi hapo Bigwa, bado inashuka kutoka milimani alfajiri? Mimi huku Bukoba nipo. Mshono wa operesheni umefunga na nimerudi kwenye cherehani, ingawa nikikanyaga sana tumbo linavuta. Mvua ya huku haina adabu, inanyesha hata jua likiwaka.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Juzi binamu yetu Tatu alinipigia, akanieleza ukoo ulivyokaa siku ya arobaini ya mama. Mmoja kasema mimi Zuhura sikuja kuzika kwa sababu nimepata bwana tajiri, nawaonea haya. Mwingine kasema nimeacha dini. Wa tatu akayaunganisha: asiyemzika mama yake kautupa ukoo, basi kwenye shamba la mama kule mlimani asipewe fungu. Jamani! Kwetu Waluguru shamba hufuata tumbo la mama. Kuninyima ni kusema mama hakunizaa.

Hao siwalaumu sana. Kudhania ndiko huko: unashika vipande viwili vitatu ulivyoviona, unavishona, unapata jambo zima ambalo hukuliona. Waliona kaburi, hawakuniona mimi, wakashona. Pengine hata mimi ningefanya hivyo. Mtu hudhania pale asipokuwa na wa kumuuliza.

Lakini wewe, dada, ulikuwa unajua! Mama anafariki, mimi nina siku chache tu tangu nipasuliwe. Nilikwambia nakuja hata kwa kutambaa. Nani alisema, "Usije mdogo wangu, mshono utafumuka, wakubwa nitawaeleza mwenyewe"? Si wewe? Nikakuamini, nikalia peke yangu wodini. Tatu anasema walipokuwa wakinisema ulikaa mkekani, ukavuta ushungi, kimya. Wakakutazama wewe, dada yangu wa damu, wakaona hukatai. Wakajua ni kweli. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa naisikia tu. Imeniuma, dada, kuliko kisu cha daktari.

Jana nimempigia mjomba, nikamweleza yote. Akashusha pumzi, akauliza, "Sasa Mwajuma alinyamaza kwa nini? Alilitaka shamba lote?" Majibu yalinijaa mdomoni. Nikamwambia, mjomba, sijui, na sitaki kumdhania mtu. Kamuulize. Kasema Ijumaa baada ya swala atakuja hapo kwako na wazee wa ukoo.

Msalimie shemeji, mwambie dawa ya kikohozi asiiache. Wabusu wanao wote. Bibi jirani, aliyemwosha mama, mpe shikamoo yangu na umwombee dua.

Simu yangu iko wazi mpaka Ijumaa. Ukiwa na la kusema, niambie mimi kabla hujawaambia wao.

Mdogo wako,
Zuhura